Vitabu vimenitoa kwenye pombe, sasa vinanitoa kwa dada yangu

Shangazi shikamoo. Naomba jina langu usilitaje maana mji wetu mdogo na wateja wa dada yangu ni nusu ya mtaa.

Mi ni kijana wa miaka 33, naishi Mtwara mjini, Chikongola, ni fundi umeme wa majumbani, nafanya waringi na kurekebisha pasi, feni na vitu vidogo vidogo. Kwetu hasa ni Tandahimba, huko kuna mikorosho ya upande wa mama, mimi nimegaiwa kama mikorosho sitini hivi, sio mingi ila msimu ukikaa vizuri inanipa kitu. Sijaoa. Nilikuwa na mchumba akaondoka na wala simlaumu.

Aliondoka kwa sababu ya pombe. Shangazi nilikuwa nakunywa, siongezi chumvi. Kipindi cha mabibo ni uraka na nipa, pombe za hayo matunda ya mkorosho, mabibo yakiisha ni bia za kukopa, ikifika saa kumi na mbili jioni nikishafunga begi la vifaa miguu inajua yenyewe inaenda wapi. Kuna mteja alinipa hela ya nyaya na swichi za nyumba nzima, nikainywa siku tatu. Duka la vifaa walikuwa wananidai 420,000, ikawa nikipita barabara ile nainama kama natafuta kitu nimeangusha.

Mwaka jana mwezi wa tatu nilienda kufunga taa kwa mwalimu mmoja mstaafu, ana kabati la vitabu, nikawa natazama tu, akanipa kimoja cha Kiswahili kinachozungumzia mazoea, namna tabia inavyojengeka na namna ya kuibomoa. Mi nimemaliza form four sijawahi kumaliza kitabu zaidi ya vile vya mtihani, na vyenyewe kwa kuruka. Kile nilikimaliza siku nne. Kulikuwa na sehemu inasema tabia mbaya usiing'oe ukaacha shimo, weka kitu kingine pale pale, saa ile ile. Basi mi saa kumi na mbili badala ya kukata kushoto kwenda kilabuni nikawa nakata kulia napita kwa dada, jioni anakaanga samaki na mihogo barazani kwake, nakaa pale nakula, namsaidia mpwa wangu kazi za shule, yule mtoto alikuwa darasa la sita lakini anasoma kwa kudonoa kama kuku, tukawa tunasoma kurasa mbili tatu kila siku, mara anisomee yeye mara nimsomee mimi, mpaka saa tatu huyo nikalale. Miezi mitano sikugusa pombe. Deni la duka nikalimaliza.

Hapo ndo nikaingia kwenye vitabu mazima. Vya mtumba, pdf kwenye simu, vya Kiingereza nilikuwa nasoma huku nimefungua kamusi. Mwaka mmoja na nusu nimesoma vitabu 23. Naamka saa kumi na nusu alfajiri kwa alamu, nasoma kurasa kumi kabla ya adhana, naandika malengo kwenye daftari. Nikajifunza kujilipa mwenyewe kwanza kabla ya kumlipa mtu yeyote. Sa hivi nina 1,140,000 benki na lengo ni 2,000,000 mwisho wa mwaka ninunue kiwanja. Nikasoma pia kwamba mtu ni wastani wa watu watano anaokaa nao sana, nikaandika watano wangu upya, watatu kati yao siwajui kusema kweli, ni watu wa kwenye video. Nikapiga hesabu nikaona ndugu wamekula 860,000 zangu ndani ya mwaka mmoja, harusi, misiba, ada, fundi nitumie ya dawa. Nikatoka kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Wale wa kilabuni nilishawakata, hao siwajutii. Na kwa dada nikapunguza kwenda maana jioni nilikuwa nasoma vitabu vya biashara, ikawa mara moja kwa wiki, afu ikawa hakuna.

Sasa tatizo. Mpwa wangu kamaliza la saba mwezi wa tisa na mwezi wa kumi na mbili anachezwa unyago, watamtoa nyumbani Tandahimba. Mjomba wake wa damu aliyebaki ni mimi peke yangu. Dada akanipigia, fungu langu ni 300,000 na siku ya kumtoa mwali niwepo. Nikamwambia dada hayo ni matumizi yasiyozalisha, hela hiyo si mngemnunulia sare za form one. Akasema sare ameshanunua, hela ya samaki. Mi nikakasirika, nikamtumia skrinshoti ya ukurasa unaozungumzia ndugu wanaokurudisha nyuma na jinsi ya kujitenga nao bila kuona aibu. Shangazi, dada yangu aliishia darasa la nne, kusoma kwake kwa shida. Ule ukurasa alisomewa na mpwa wangu. Jirani ndo alikuja kuniambia.

Tangu siku hiyo simu hapokei. Alimtuma mtu aje aniambie kwamba kwa wazee atasema mwali huyu mjomba wake alishakufa. Kuna kitabu changu kimebaki kwa yule mtoto, hatukukimaliza, naona aibu kwenda kukichukua, nafikiria nimtume kijana wa bodaboda.

Kibaya zaidi wiki tatu hizi nimeteleza mara mbili, mara moja vibaya. Kitabu kinasema siku 21 ndo tabia inakaa, mi nahesabu upya kwa mara ya tatu na kila nikifungua daftari nakuta siku ya kwanza, naumia.

Naogopa nikitoa hii hela ndo nimefungulia bomba, keshokutwa anakuja mwingine. Nikigoma napoteza dada, na dada ndo mama yangu aliyebaki, ndo aliyenilipia kodi miezi miwili kipindi kile cha pombe, ingawa hilo lilishapita. Vitabu vimeniokoa shangazi, sitaki kuvipa kisogo. Nifanyeje?

Fundi, Mtwara

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikachukua kalamu nikawa napigia mstari, kwa hiyo vumilia nikienda taratibu.

Nikuambie nilivyokuelewa, nikikosea nisahihishe. Ulikuwa unazama, ukapata kitabu, ukashika, ukatoka. Sasa unaambiwa utoe 300,000 kwa ajili ya ngoma na kwako hiyo sio 300,000 tu, unaona kama ni kuanza kurudi kule kule. Na huku dada hataki kukusikia, na katikati yenu kuna mtoto wa kike anayesubiri kutolewa ndani bila mjomba. Unaniuliza uchague vitabu au uchague dada. Mi hapo kwenye "au" ndo nimekwama, sijaona bado nani ameiweka.

Kwanza lakini nikupongeze, na sikupi pongezi ya kukulainisha nikuchape baadae. Mtu aliyekunywa nyaya za nyumba nzima afu leo ana milioni na laki moja na arobaini benki amefanya kazi kubwa. Na kusoma kitabu cha Kiingereza huku kamusi imefunguliwa pembeni, alfajiri, kabla ya adhana, hiyo najua ugumu wake, mimi mwenyewe usingizi ungenishinda ukurasa wa pili.

Sasa twende pale nilipopigia mstari mara mbili. Unasema vitabu vimekutoa kwenye pombe. Mimi nimesoma barua yako mwenyewe, kwa mkono wako, nikaona kitabu kilikuambia weka kitu kingine pale pale saa ile ile. Sawa, ushauri mzuri. Je, kitu ulichokiweka kilikuwa kitabu? Ulikata kulia. Uliweka baraza la dada, mihogo, samaki, na mtoto anayedonoa herufi. Miezi mitano ya kwanza, ile migumu kuliko yote, saa kumi na mbili mpaka saa tatu usiku ulikuwa pale. Kitabu kilikuonyesha njia panda, naam, lakini aliyekuwa amewasha jiko upande wa kulia ni nani? Afu ukapunguza kwenda, mara moja kwa wiki, afu hakuna, mkagombana, na wiki hizi tatu ndo umeteleza. Mi sisemi ugomvi ndo umekunywesha, pombe ina sababu zake nyingi na huu ni mwezi wa mabibo, uraka unanukia kila kona. Nakuuliza tu kama na wewe umeona jinsi hayo mambo yalivyofuatana, maana uliyaandika mbali mbali kwenye barua kama hayajuani.

Hilo la siku 21 nalo naomba nikupunguzie mzigo. Ile namba asili yake inarudi kwa daktari mmoja Mmarekani, Maxwell Maltz, alikuwa akifanya upasuaji wa kurekebisha sura za watu, na kwenye kitabu chake cha mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake huchukua angalau kama siku 21 kuizoea sura mpya. Angalau, na ilikuwa habari ya kuzoea pua mpya kwenye kioo. Wengine wakaichukua, ile angalau ikadondoka njiani, ikabaki namba tupu. Watafiti wa pale London walipokuja kulipima jambo lenyewe kwa watu 96 waliojitolea, matokeo yakatoka mwaka 2009, wastani ulikuwa siku 66 na makadirio yao yalianzia siku 18 mpaka 254 kutegemea mtu na kitu anachojizoesha. Na hao walikuwa wanajizoesha mambo kama kunywa maji au kufanya mazoezi kidogo, hakuna aliyekuwa anaachana na nipa. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kilichokwishajengeka.

Kwa hiyo hilo daftari linalokurudisha siku ya kwanza kila ukiteleza mi naliona linakuonea. We mtu wa korosho bwana. Salfa unapuliza raundi ngapi? Ukichelewa raundi moja ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, unakula maua kidogo, unaumia, unapuliza inayofuata, sijawahi kuona mtu ameenda kung'oa mkorosho na kupanda mbegu upya kwa sababu alikosa raundi. Siku zako za bila pombe tangu mwaka jana zipo, hakuna aliyezichukua.

Ila hapa nikwambie kitu kwa sauti ya ukali kidogo. Ukiona umerudi kunywa kila siku na ukijaribu kuacha mikono inatetemeka, jasho linakutoka, au unaona vitu ambavyo wenzako hawavioni, usijifungie ndani na daftari. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, waambie ukweli unakunywa nini na kiasi gani. Kuacha pombe ghafla kwa mwili uliokwishaizoea sana kunaweza kuua mtu, na hapo hakuna kitabu kinachosaidia.

Turudi kwenye hesabu. 860,000 walizokula ndugu umeziandika vizuri, harusi, misiba, dawa. Kodi ya miezi miwili uliyolipiwa na dada umeiandika ukurasa gani? Uliniambia "hilo lilishapita". Na samaki wa miezi mitano? Sikusuti mwanangu, na dada yako sidhani kama anakudai, watu wa aina yake hawaweki bili. Nasema daftari lenye upande mmoja tu ni kama mita iliyofungwa inasoma umeme unaotoka bila kusoma unaoingia, we fundi unajua hiyo mita itasema nini.

Vitabu vyenyewe nisivionee. Kuna vinavyofundisha kweli na wewe ni ushahidi. Lakini vingi vya aina hiyo vimeandikwa kwa mtu wa Marekani au Uingereza mwenye mshahara unaoingia kila mwisho wa mwezi, ana bima, na akiugua hamtafuti mjomba. Huyo ukimwambia toa fungu lako kwanza kila mwezi, anaelewa. Wewe hela yako kubwa inasubiri mnada, korosho zipo ghalani, una stakabadhi mkononi, AMCOS, chama cha ushirika, wanakwambia wiki ijayo, afu inaingia kwa mpigo na mtaa mzima unajua imeingia. Na ngoma na harusi zetu huku zinapangwa kipindi hicho hicho kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo kiwanja chako na unyago wa mpwa wako vinagombea wiki zile zile nne. Kitabu hakikukudanganya ila msimu wetu hakiujui, hiyo kazi ya kukitafsiri mpaka kifike Tandahimba ni ya kwako msomaji.

Na kingine cha kuchekesha kidogo. Hivi vitabu vya kujiendeleza kimojawapo cha mwanzo kabisa, kilichofanya watu waviite kwa jina hilo mpaka leo, kilitoka Uingereza mwaka 1859, Self-Help cha Samuel Smiles. Jina lake ni kujisaidia mwenyewe. Lakini mwenyewe anasimulia mwanzoni kilivyozaliwa, vijana wawili watatu mafukara wa mji mmoja wa kaskazini walianza kukutana jioni za baridi nyumbani kwa mmoja wao wafundishane kusoma na kuandika na kuhesabu, aliyejua kidogo anamfundisha asiyejua, wakaongezeka mpaka chumba hakitoshi, wakapanga chumba kikubwa kilichowahi kutumika kama hospitali ya kipindupindu maana hakuna mwingine aliyekitaka. Wakamwita Smiles aje aongee nao, mazungumzo hayo ndo yakaja kuwa kitabu. Yani kujisaidia mwenyewe kulianzia kwenye chumba cha watu wanaosomeshana. Sina hakika vijana wale wangekubali kumkata mtu kwenye orodha ya watano kwa sababu anakaanga samaki.

Mimi nimekulia Mtama, Lindi, mwaka 1973 nilikuwa mtoto wa kutumwa maji ilipokuja ile kampeni ya afya, Mtu ni Afya. Karibu watu milioni mbili nchi nzima walikaa vikundi vikundi, redio inaongea, kuna kijitabu, kiongozi wa kikundi anasoma. Baba yangu hakujua kusoma. Alikaa chini ya mwembe akasomewa habari za mbu na minyoo, wakabishana pale mpaka magharibi kuhusu choo kichimbwe wapi, afu kesho yake wakachimba, wote, kwa zamu, kwa huyu kisha kwa yule. Najua mtu anaweza kusema hiyo ilikuwa serikali inasukuma, na kweli ilikuwa inasukuma. Ila nakumbuka baba alirudia yale maneno mpaka anazeeka, na hakuwahi kukishika kile kijitabu mkononi.

Wewe vitabu 23 kwa mwaka mmoja na nusu. Hebu funga macho unitajie kitu kimoja kimoja kutoka kila kimoja. Wataalamu wa kujifunza wameonyesha kwamba kufunga kitabu na kujaribu kukumbuka, au kumweleza mwingine, kunabakisha kuliko kurudia kusoma. Nadhani kile cha kwanza kimekukaa mwilini kwa sababu ulikuwa unakisimulia kwa vitendo barazani kila jioni, na kurasa ulizosoma na mpwa wako zimekaa kuliko pdf zote. Hilo nakisia, we ndo unajua.

Haya, unyago. Umeuita matumizi yasiyozalisha. Kuna mambo ya unyago wa siku hizi hata mimi yananikera, spika kubwa, sare za kanga pea mbili mbili, watu kukopa ili jirani asiwacheke, na kama ungesema mtoto anakatishwa shule ningekuwa upande wako bila kupepesa macho. Lakini huyu kamaliza la saba, anatolewa likizo, sare zimeshanunuliwa. Sasa fikiri, wewe umetafuta mwaka mzima mtu wa kukufundisha namna ya kuishi, ukampata kwenye karatasi na kwenye video. Mwali anapewa mtu mzima mmoja wa kumfuata, anayemjua jina, anayemwona akikosea, na Kiswahili chetu kimemwita huyo mtu somo. Mi sisemi kila anachofundishwa ni kizuri. Nakuuliza tu kama ulimaanisha kweli ulichosema au ulikuwa unaogopa kuhusu hela, maana kuogopa kuhusu hela sio aibu, ungeweza kumwambia dada hivyo hivyo.

Na ile skrinshoti. Nimeiacha mpaka hapa makusudi. Mtoto uliyemkalisha jioni ukamwonyesha herufi zinavyoungana, kitu kirefu alichomsomea mama yake kwa sauti kikawa kile. Mi nadhani kinachomuuma dada sio laki tatu. Inawezekana nakosea, hujaniambia alivyosema mwenyewe, nami simjui. Ila kama ni hilo, ukituma 300,000 kwa simu leo usiku haitalifuta, na hata 500,000.

Njia zipo, nazisema nawe upime. Unaweza kutoa yote. Utapata amani ya haraka, kiwanja kitasogea mpaka msimu ujao pengine, na hofu yako ya bomba ina ukweli, watu wakiona umetoa bila kuhesabu wataongeza. Pia ukitoa huku moyo umenuna itaonekana siku ya ngoma usoni. Unaweza kugoma. Hela itabaki, kiwanja utanunua, na jioni ya siku utakayolipia kiwanja sijui utamwita nani akione. Huko kwetu mjomba akisema hapana kwa mtoto wa dada yake neno hilo halizeeki, wewe unalijua kuliko mimi.

Unaweza kwenda na kusema ukweli, nina hiki, nalenga hiki, naweza laki moja na nusu na nyingine itabidi isubiri mnada. Hatari yake ni kwamba dada anaweza kuona unampangia bei kama mteja, inategemea unaanza na sentensi gani, ukianza na kiwanja umekwisha. Na we ni fundi umeme, ngoma inakesha, taa za uwanjani, waya wa spika, jenereta la kuazima linalozima saa nane usiku, mjomba aliyekesha na bisibisi mfukoni watu wanamwona. Lakini hilo nalo liangalie vizuri, usilifanye ndo ujanja wa kukwepa kutoa, watajua. Tena ni ngoma ya usiku kucha kipindi cha mabibo na wewe umeteleza mara mbili. Mwambie mtu mmoja unayemwamini pale akae karibu nawe, au fika asubuhi ya kumtoa mwali, ukiwa umefunga taa mchana wa jana yake na kurudi kulala. Kukosa sehemu ya ngoma sio kumkana mtoto.

Kuhusu bomba, watu wengine wenye hela za msimu nimewaona wanatenga fungu la ukoo mapema, kabla hawajaombwa, likiisha limeisha, wanasema "fungu la mwaka huu limekwenda". Ndugu wengine wananuna, ila wanazoea kwa sababu wanajua mwakani litarudi. Linaweza lisifanye kazi kwa mtu aliyetoka kwenye grupu bila kuaga, hapo itabidi urudi kwanza uvumilie kuombwa ombwa kidogo.

Ungeweza pia kumpitia mzee mmoja wa upande wa mama akutangulie kwa dada, kama kuna anayesikilizwa. Ila mimi ningejiuliza kama unamtuma kwa heshima au unamtuma kwa woga, kama yule wa bodaboda.

Alamu ya saa kumi na nusu usiizime kwa sababu yangu. Soma. Nimependa sana kwamba unasoma. Orodha ya watano tu uniangalizie, hao watatu wa kwenye video siku uliyoteleza vibaya kuna aliyekupigia?

Na hicho kitabu kilichobaki kwa mpwa wako, usimtume mtu akakuchukulie. Mlifika ukurasa wa ngapi?